Kifandugu kinauma mwaka mzima baada ya kuanguka: nikatwe, nikandwe, au kuna la kufanya kwanza?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36, naishi Tanga. Mwaka jana mwezi wa tano niliteleza kwenye ngazi za saruji zilizolowa mvua, nikaangukia makalio. Tangu siku hiyo kifandugu kinaniuma. Nikikaa robo saa kinawaka moto, na nikiinuka ndiyo kinanichoma zaidi, halafu kinatulia. Nilipigwa eksirei nikaambiwa mfupa hauna tatizo. Sindano za diklofenaki nimechomwa mara nyingi, zinatuliza siku mbili tu. Shangazi anataka anipeleke kwa mkandaji anayerudisha mfupa kwa kidole, shemeji ananishauri hijama, na jirani anasema ndugu yake alikwenda India akakatwa kifandugu na amepona. Mume wangu ameanza kuona natafuta visingizio. Je, nifanyiwe upasuaji, au hizi tiba nyingine zinatosha? Na nikikatwa, nitaweza kuzaa tena?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole sana.

Katika maelezo yako kuna maneno machache ambayo pengine uliyaandika bila kuyapa uzito: kwamba unapoinuka ndipo panapochoma zaidi, kisha panatulia. Kwangu mimi hayo ndiyo makubwa kuliko yote uliyoandika. Mtu anayesingizia hawezi kuibuni dalili hiyo. Mara nyingi ni dalili ya mfupa unaohama mahali pake mtu anapokaa, ukarudi anaposimama. Kwa hiyo kabla ya kisu, kidole na vikombe vya hijama, tuanze na ile eksirei uliyoambiwa haina tatizo.

Kifandugu ndicho kipande cha mwisho cha uti wa mgongo. Ni vijifupa vitatu hadi vitano, kwa wengi vinne, vilivyopangana vikichongoka kwenda chini. Wayunani wa kale walikipa jina la ndege kekeo kwa sababu kimepinda kama mdomo wake. Wengi hudhani ni mfupa mmoja mgumu, lakini kina viungo vinavyocheza: kati ya vijifupa vyenyewe, na pale kinapoungana na sakramu, ule mfupa mpana wa pembetatu ulio juu yake. Ukikaa kinajikunja kidogo, kati ya digrii 5 na 25, ukisimama kinajinyoosha. Ukianguka makalio, kano zinazokishika zinaweza kuchanika na kiungo kikalegea, huku mfupa wenyewe ukibaki mzima bila hata ufa. Ukikaa, uzito wa mwili unakisukuma, kinajikunja kupita kiasi au kinachomoka kwenda nyuma. Ukiinuka kinarudi, na kule kurudi ndiko kunakochoma.

Sasa fikiria ulivyopigwa picha. Bila shaka ulilazwa mezani, au ulisimama. Katika hali zote mbili hukukikalia kifandugu, kwa hiyo kilikuwa kimetulia mahali pake kama kawaida. Picha ilisema kweli kuhusu mfupa uliopumzika, na haikuulizwa chochote kuhusu mfupa uliokaliwa.

Aliyelionyesha jambo hili wazi ni daktari Mfaransa, Jean-Yves Maigne wa hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris, katika miaka ya 1990. Njia yake ni nyepesi. Mgonjwa kwanza anasimama kama dakika kumi ili kifandugu kirudi mahali pake, kisha anapigwa picha ya ubavuni. Halafu anakaa kwenye kigoda kigumu, anajiegemeza nyuma kidogo mpaka yale maumivu anayoyajua yaje, na hapo hapo anapigwa picha ya pili ya ubavuni. Daktari anaziweka picha mbili moja juu ya nyingine na kupima tofauti. Kwa njia hiyo, karibu wagonjwa 7 kati ya 10 wenye maumivu ya kifandugu walionekana kuwa na kitu. Wengine kifandugu kilijikunja zaidi ya digrii 25. Wengine kilihama kabisa kwenda nyuma. Wengine, hasa watu wembamba ambao kifandugu chao hakichezi, walikuwa na kijimwiba cha mfupa kwenye ncha kinachochoma ngozi kila wanapokaa. Maigne aliona pia kwamba ajali inapoyatangulia maumivu kwa mwezi mmoja au chini ya hapo, uwezekano wa kukuta kiungo kilicholegea ni mkubwa zaidi. Wewe ulianza kuumwa siku ile ile.

Jambo hili linanigusa kwa sababu miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwambia kijana mmoja dereva wa bodaboda kwamba picha yake ni safi, avumilie. Alivumilia miaka miwili, akauza pikipiki. Aliporudi nikawa nimeshajifunza, nikamkalisha kwenye kigoda, na picha ya pili ikaonyesha kifandugu kimelala nyuma kama kidole kilichoteguka. Tangu siku hiyo sijamwambia mgonjwa yeyote wa kifandugu kwamba hana kitu kabla ya kumpiga picha akiwa amekaa.

Na uzuri ni kwamba kipimo hiki hakihitaji mashine mpya. Eksirei yoyote ya hospitali ya wilaya inakiweza, ukipatikana kigoda na mpiga picha mwenye subira. MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku, ina kazi yake, hasa daktari akihofia uvimbe au ugonjwa wa mfupa, ila nayo mgonjwa hulazwa, kwa hiyo kiungo kilicholegea inaweza kukipita vile vile.

Kuna dalili ambazo ungezitaja ningekuambia uache kusoma uende hospitali leo: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kuishiwa nguvu. Nyingine hazitaki kusubiri wiki: homa, kupungua uzito bila sababu, kutokwa jasho usiku, maumivu makali usiku hata ukiwa umelala ubavu, au uvimbe unaoushika kwa mkono. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia, saratani nayo huweza kuota huko, na jipu la kwenye mfereji wa makalio huwadanganya wengi. Hukutaja hata moja, na hilo linanipa utulivu. Hata hivyo daktari akuangalie kwa macho na kwa mkono. Mgonjwa wa kifandugu ambaye hajawahi kuguswa hapo panapouma bado hajachunguzwa.

Nije kwenye tiba. Utashangaa nikianza na mto, nawe una cherehani nyumbani.

Mto wa duara wenye tundu katikati, ule wanaopewa kina mama waliotoka kujifungua, kwa kifandugu haufai sana. Ukiukalia, kifandugu kinaning'inia juu ya tundu huku ukingo wa nyuma ukikibana. Unachohitaji ni mto wenye mkato upande wa nyuma, ili uzito ushikwe na mapaja na yale mafupa mawili ya makalio, na kifandugu kisiguse kitu. Tafuta sponji ngumu ya godoro, ile isiyobonyea mpaka chini ukiikalia. Kata mraba wa sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita 8 hadi 10. Katikati ya ukingo wa nyuma kata umbo la herufi U, upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 12 hivi. Ukiweza, punguza sponji taratibu upande wa mbele ili nyuma iwe juu kidogo, nyonga zako zielekee mbele. Shona foronya yake, kisha ukalie. Ukihisi kifandugu kinagusa kiti, ongeza kina cha mkato. Beba mto huo kila unapokwenda, kwenye daladala, msibani, msikitini au kanisani. Nimeona watu waliotaka kupasuliwa wakaahirisha wenyewe baada ya wiki sita za mto mzuri.

Cherehani ya kukanyaga inataka jicho lake. Mguu ukisukuma, nyonga nzima inayumba, na kifandugu kinasuguliwa kila mshono. Pandisha kiti juu kidogo, inama kuanzia nyongani badala ya kujikunja mgongo, na kukata na kupiga pasi ufanye umesimama. Inuka kila dakika kumi kabla hapajawaka, na unapoinuka inama mbele kwanza halafu ndiyo uondoe makalio kitini. Na mbuzi ya kukunia nazi, tafadhali, kwa sasa mwachie mwingine. Kile kibao chembamba kilicho karibu na ardhi ni adui mkubwa wa kifandugu kilicholegea.

Choo kigumu nacho hukisukuma kifandugu kutoka ndani, kwa hiyo maji, mboga za majani, mapapai na maharage ni sehemu ya tiba. Sindano za diklofenaki naomba uziache ziwe za nadra. Zikirudiwa mara kwa mara huumiza tumbo na figo, na sindano ya takoni ikichomwa vibaya inaweza kujeruhi mshipa mkuu wa fahamu wa mguu. Kwa maumivu yaliyokaa zaidi ya mwaka, pale mishipa ya fahamu yenyewe inapokuwa imechokozeka, dozi ndogo ya amitriptilini usiku mara nyingi husaidia kuliko sindano hizo. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kujinunulia.

Sasa mkandaji wa shangazi. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu wazo lenyewe si la kipuuzi. Misuli iliyotandwa chini ya nyonga kama machela imejishika kwenye kifandugu. Panapouma miezi mingi misuli hiyo hukaza bila wewe kujua, ikazidi kukivuta. Daktari Mmarekani George Thiele aliandika tangu mwaka 1937 juu ya kuikanda misuli hiyo kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na mpaka leo wataalamu wa fiziotherapia waliosomea kazi hiyo wanaifanya, kwa glavu, kwa ridhaa yako, na mtu unayemwamini akiwa chumbani. Maigne na wenzake waliijaribu tiba ya mkono ya namna hii kwa wagonjwa 102, nusu wakipata tiba yenyewe na nusu tiba isiyo na nguvu. Baada ya miezi sita waliopata nafuu nzuri walikuwa 22 kati ya kila 100 upande wa tiba, na 12 kati ya 100 upande wa pili. Msaada upo, lakini ni mdogo, na tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kutoa hakikisho. Sasa hebu pima: ikiwa mikono iliyofundishwa inapata matokeo hayo, mtu asiyejua kama mfupa wako umehama au una mwiba atarudisha nini? Utumbo wa hapo ni laini, na ukichanika ni hatari kubwa. Kukandwa mgongo na makalio kwa nje, kwa mafuta ya uvuguvugu, sikukatazi. Kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano jioni hulegeza misuli hiyo vizuri. Usiruhusu kidole cha mtu asiyesomea.

Mtaalamu wa fiziotherapia atakufundisha pia kupumua kwa tumbo na kuilegeza misuli ya chini ya nyonga. Nasisitiza kuilegeza, maana yale mazoezi ya kubana kama mtu anayezuia mkojo, wanayopewa wanawake baada ya kujifungua, yanaweza kukuzidishia.

Hijama ina heshima yake kwa Waislamu wengi, na sina neno baya kwa anayeifanya kwa imani. Kwa kifandugu, sijaona ushahidi kwamba inakaza kiungo kilicholegea. Inaweza kukupumzisha misuli ya mgongo kwa siku kadhaa. Ukiamua, wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako, kwa sababu homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupitia kwenye chale za namna hiyo. Sindano za Kichina nazo ni hivyo hivyo: baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya muda, ushahidi ni mwembamba, na sindano lazima ziwe mpya. Tiba ya mawimbi ya mshtuko, inayotolewa na mashine katika baadhi ya kliniki za fiziotherapia, imeonyesha nafuu katika tafiti ndogo. Ukiipata karibu na kwa bei unayoiweza, inafaa kujaribiwa kabla ya kisu.

Kama mto, mazoezi na dawa vya miezi miwili au mitatu havikutosha, hatua inayofuata ni sindano ya mahali penyewe. Daktari huingiza dawa ya ganzi pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiungo kinachouma, vizuri zaidi akiongozwa na eksirei ya moja kwa moja. Sindano hii inatibu na inapima kwa wakati mmoja. Ukitoka pale ukakaa bila maumivu kwa saa chache, tumeshajua kwamba chanzo ni hapo hapo, si kiunoni wala kwenye misuli. Wenye kisukari waseme mapema, kwani steroidi hupandisha sukari. Mwaka 1991 Wray na wenzake wa Uingereza walichapisha taarifa ya wagonjwa 120: sindano peke yake ilisaidia 60 kati ya kila 100, na sindano ikiunganishwa na kukinyoosha kifandugu mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi ilisaidia 85. Ipo pia sindano ya kuzima fundo la mishipa ya fahamu lililo mbele ya kifandugu, ambayo hufanywa na madaktari wa usingizi waliobobea katika maumivu. Wengine huwapa nafuu ya wiki, wengine ya miezi.

Katika wale wagonjwa wa Wray, karibu mmoja kati ya watano hakupona kwa njia hizo akaondolewa kifandugu, na zaidi ya 9 kati ya 10 wa kundi hilo walifanikiwa. Kwa hiyo jirani yako hakukudanganya. Upasuaji huu unaponya, kwa mgonjwa anayestahili. Ulipata jina baya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu kila mwenye maumivu ya kiuno alikatwa kifandugu, na wengi wao kifandugu hakikuwa na kosa. Mimi mwenyewe nimepokea mgonjwa aliyekatwa kwa haraka katika hospitali ambayo sitaitaja, bila picha ya kukaa wala sindano ya kupima. Maumivu yake yalibaki vile vile, kwa sababu yalikuwa yanatoka kiunoni.

Anayestahili, kwa maoni yangu, ni yule ambaye picha ya kukaa imeonyesha kiungo kilicholegea au mwiba, sindano imemtuliza kwa muda, na tiba nyingine zimefanywa kwa dhati si chini ya miezi sita. Wewe umeumwa zaidi ya mwaka, lakini tiba hiyo hujaipata bado. Ulichopata ni sindano za takoni.

Upasuaji wenyewe si mrefu. Unalazwa kifudifudi, unapasuliwa sentimita chache juu ya mfereji wa makalio, kifandugu chote au kipande kilicholegea kinatolewa, ncha ya sakramu inalainishwa, na misuli inashonwa. Ugumu uko kwenye kidonda. Pako karibu mno na njia ya haja kubwa, kwa hiyo kuota usaha ndilo tatizo la kawaida. Kwa wastani humpata mmoja kati ya kumi, na katika baadhi ya hospitali mmoja kati ya watano. Utapewa dawa za kuzuia maambukizi, utajisafisha kutoka mbele kwenda nyuma kila unapotoka chooni, na hutakikalia kidonda kwa wiki kadhaa. Nafuu huja polepole, miezi mitatu kwa wengine, kwa wengine karibu mwaka. Wapo wanaopona nusu tu, na wachache hawapati chochote. Kwa fundi cherehani, hiyo ni miezi miwili au mitatu bila mapato, na ni vizuri uyapange hayo na mumeo kabla ya kuweka saini.

Kuzaa utaweza. Njia ya uzazi haitegemei kifandugu, kutembea vile vile, na misuli hushonwa upya. Ukiwa na mpango wa mtoto karibuni, zaa kwanza au subiri kidonda kipone kabisa, na mwambie mkunga kwamba umepasuliwa hapo.

India si lazima. Anza na daktari bingwa wa mifupa. Kwa mtu wa Tanga, hospitali ya kanda ni KCMC Moshi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iko Dar es Salaam. Usimuulize daktari kama anajua kukata kifandugu. Muulize amewafanyia wangapi, na wangapi waliota usaha.

Lakini kazi ya wiki hii ni ndogo kuliko safari hizo. Kata sponji. Kisha nenda na karatasi hii kwa daktari aliye karibu, akuandikie kipimo: “Picha mbili za ubavuni za kifandugu. Ya kwanza mgonjwa amesimama, baada ya kusimama dakika kumi. Ya pili amekaa kwenye kigoda kigumu, ameegemea nyuma mpaka maumivu yaje.” Kama kuna uwezekano wa ujauzito, sema kabla ya picha, maana miale hiyo inapita nyongani. Na mwende pamoja na mume wako, awepo daktari atakapoziinua picha hizo mbili mbele ya taa.